Arobaini Nje, Hakuna Aliyekimbia

Darasa likitolewa nje kwa ustadi, halina la kutazama. Hakuna kelele, hakuna anayelia, na mpita njia pale Bute, Wajir Kaskazini, angedhani watoto wanakwenda gwaride. Labda ndiyo sababu kazi hii haisifiwi. Mgeni rasmi akija shuleni huonyeshwa maabara na matokeo ya mtihani. Haonyeshwi namna Gredi ya Tano inavyopita mlangoni.

Mimi naisifu, na nianze na hesabu yake. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6, lenye wanafunzi wasiozidi 40 ikiwa wanakaa wawili wawili kwenye dawati. Mlango ufungukie nje, usitiwe kufuli kwa nje watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwekwe nondo. Sasa wapitishe watoto hao mmoja mmoja, kila mmoja kwa sekunde moja: dakika haijaisha, wote wako uani. Waache wakimbie, na watatu watafika mlangoni kwa pamoja. Mabega yanabanana kwenye fremu, walio nyuma hawaoni kilichotokea mbele, wanazidi kusukuma. Wengi wanaokufa hivyo hawafi kwa kukanyagwa. Hubanwa kifua mpaka pumzi ikakatika. Jioni ya tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakienda zao nyumbani tu, bila moto wala adui. Wakasukumana ngazini, na 14 wakapoteza maisha.

Madarasa ya Bute kwa kawaida hayana ghorofa, hivyo balaa la ngazi halipo. Tena watoto wenyewe wana elimu ambayo wa mjini hawana. Aliyewahi kuwafungulia mbuzi asubuhi kwenye zizi la miiba anajua kwamba ukifungua upenyo wote kwa ghafla wakubwa watawaponda wadogo. Huacha nafasi kidogo, akaweka fimbo, akawapitisha. Mwalimu mwerevu huanzia hapo, na hahitaji hotuba ndefu.

Tazama mazoezi yakifanywa na anayeyajua. Kengele inapigwa mfululizo, bila kituo. Mwalimu haongezi sauti. Anasema, "Simameni. Acheni kila kitu." Mabegi yanabaki, hata lenye chakula, na hapo ndipo utakapojua kama mazoezi yamefanywa mara nyingi au ni ya kuonyesha wageni: mtoto asiyezoea atainama kuchukua begi lake, na safu nzima itasimama nyuma yake. Dawati la karibu na mlango linatangulia, kisha safu inayofuata, mikono chini, midomo imefungwa ili amri isikike. Mtoto anayetembea kwa mkongojo hangoji huruma ya dakika ya mwisho. Wenzake wawili wanajulikana tangu mwanzo wa muhula kwamba ndio wa kumsindikiza. Mwalimu anatoka wa mwisho. Anatupa jicho chini ya madawati na nyuma ya mlango, kwa kuwa mtoto mdogo akiogopa hujificha, hakimbii. Kisha anaurudishia mlango bila kuufunga kwa kufuli, moto usipate hewa, na mkononi ana kitu kimoja tu: rejista.

Rejista ndiyo roho ya kazi yote. Watoto wakipanga mstari penye mlingoti wa bendera, upande upepo unakotoka ili moshi usiwafuate, majina yanaitwa. Hesabu hiyo haina maana kama asubuhi mwalimu aliandika kivivu. Na yule aliyeomba ruhusa kwenda msalani dakika tano zilizopita? Fundi wa kweli anamkumbuka. Ametenga mtu wa kumfuata kule, badala ya kumrudisha mtu ndani ya moshi kumtafuta asiyekuwamo.

Kaskazini mashariki, kazi hii ina upande wa pili ambao shule za kwingine huufikiria kidogo. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wako waliopona kwa kukimbia, na wako waliopona kwa kujificha. Msichana mmoja alipatikana hai kabatini siku mbili baadaye. Moto unasema toka. Bunduki wakati mwingine inasema lala chini, funga mlango, nyamaza. Kwa hiyo ishara lazima ziwe mbili, zisifanane hata kidogo, na mtoto wa gredi ya kwanza azitofautishe akiwa usingizini.

Hofu isiyofunzwa nayo ni hatari. Siku kumi baada ya Garissa, nyaya za umeme zililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakajirusha kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, zaidi ya 100 wakaumia. Novemba mwaka huohuo, mazoezi ya kuigiza shambulio katika Chuo Kikuu cha Strathmore yalizua taharuki, na mfanyakazi mmoja akafa. Mazoezi ya kushtukiza watu kwa milio ya risasi mimi siyakubali. Watoto waambiwe kabla, watembee polepole, warudie mpaka wachoke nayo.

Kuna tatizo jingine. Mashambulio yaliwafanya walimu wengi wasio wenyeji kuondoka eneo hili, na mwalimu akiondoka anaondoka na kila alichozoesha. Dawa yake ni kuwaachia viranja ufundi huu. Mji wa Kamaishi, Japani, uliwazoesha wanafunzi wenyewe: siku ya tsunami ya Machi 2011, wanafunzi wa shule ya sekondari waliwashika mikono wadogo zao wa msingi wakapanda nao mlimani, na karibu wanafunzi 3,000 wa mji huo wakaokoka. Kiranja wa Bute hashindwi na hilo. Mpe nakala ya majina, mpe nafasi ya kuongoza mazoezi mara moja kila muhula, mwalimu akiwa pembeni kimya.

Lakini ufundi wote huo hauna faida mbele ya kufuli. Katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Basi, mzazi, siku ukienda mkutanoni, pita kwanza darasani kwa mwanao. Usukume mlango uone unafungukia wapi, na uulize funguo hukaa kwa nani.