Dinamo ya Kamkwamba na safari ya umeme hadi kwenye betri

Juni 2007, William Kamkwamba alipanda jukwaani Arusha, kwenye mkutano wa TED, akaeleza kwa maneno machache mtambo wa upepo alioujenga kwao Wimbe, wilaya ya Kasungu, Malawi. Tangu hapo watu wamesimulia zaidi moyo wake: kijana wa miaka 14, shule imemshinda kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2002, anajifunza kwa kitabu cha maktaba. Moyo alikuwa nao kweli. Ila mimi nauheshimu zaidi mpangilio wa mtambo wenyewe, ambao hausemwi sana.

Tuanze na dinamo ya baiskeli, ile inayobanwa kwenye tairi. Ndani yake sumaku inazunguka na koili inatoa umeme. Nyingi zimeandikwa volti 6, wati 3, na kiasi hicho hupatikana baiskeli ikienda kama kilomita 15 kwa saa, kichwa cha dinamo kikizunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Mapanga ya mtambo wa upepo yaliyoungwa kwa vifaa chakavu hayafiki mbio hizo hata upepo uvume vipi.

Kamkwamba alichukua feni ya trekta, akairefusha kwa mapanga ya bomba la plastiki lililopashwa moto na kunyooshwa. Ekseli ilikuwa shokapu, washa zilikuwa vizibo vya chupa. Kisha akaiunganisha ekseli hiyo na sahani ya pedali ya baiskeli mbovu ya baba yake, na hapo ndipo penye ufundi. Chukua vipimo vya kawaida: sahani ya meno 44 ikivuta gia ya nyuma ya meno 18, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu kwa kila mzunguko wa feni. Gurudumu hilo lina kipenyo cha sentimita 70 hivi, na linasugua kichwa cha dinamo chenye sentimita mbili na ushei. Mbio zinaongezeka mara 30 nyingine. Feni ikizunguka mara 50 kwa dakika, dinamo imeshatosheka. Baiskeli nzima imekuwa giaboksi.

Taa ya kwanza ilitegemea upepo moja kwa moja: upepo ukitulia, giza. Ndipo likaja betri la gari, na matatizo yake. Umeme wa dinamo ya namna hii huenda na kurudi, wakati betri linataka uingie upande mmoja tu. Daiodi ndiyo inayonyoosha njia, na inazuia pia betri lisijimwage kupitia koili usiku usio na upepo. Lakini inatoza ushuru: daiodi nne za kawaida zikipangwa pamoja hula karibu volti 1.4, hasara kubwa kwa kifaa cha volti 6. Betri la volti 12 nalo linataka kama volti 14 ili lijae. Bahati nzuri volti za dinamo hupanda kadiri inavyokimbia. Kinachogoma ni mkondo, ambao haupiti sana nusu ampea. Kwa mwendo huo, betri la ampea-saa 40 lingehitaji zaidi ya saa 80 kujaa. Miguu ya mwendesha baiskeli ingechoka mapema mno. Upepo unaweza kuifanya kazi hiyo usiku kucha watu wamelala.

Betri lilileta hatari ambayo dinamo peke yake haikuwa nayo. Waya za dinamo zikigusana, nusu ampea ileile inazunguka na mambo yanaishia hapo. Za betri la gari zikigusana, zinapita mamia ya ampea, na Kamkwamba alipitisha waya chini ya paa la nyasi. Akatengeneza kikata umeme chake: misumari miwili iliyozungushiwa waya wa shaba, sumaku katikati. Mkondo ukizidi ghafla, sumaku inavutwa, njia inakatika kabla nyasi hazijashika moto.