Sawa na Nini? Uhakiki wa Neno "Sawa" katika Msimbo wa Mchezo wa Bao

Katika Kiswahili cha mwambao wa Burundi, Rumonge na Kizuka zikiwemo, neno "sawa" hubebeshwa kazi nyingi. Muuzaji wa ndagala hulitamka kukubali bei, mzazi hulitamka kufunga mazungumzo, na mwalimu wa hisabati hulisoma baina ya pande mbili za mlinganyo. Muktadha humwonesha msikilizaji maana iliyokusudiwa. Tatizo huanza neno hilo linapohamishiwa katika msimbo wa kompyuta, ambamo hakuna msikilizaji wa kukisia.

Mchezo wa bao unalidhihirisha tatizo hili vizuri. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 10 ubaoni, yaani 6 katika nyumba na 2 katika kila moja ya mashimo mawili jirani, na 22 ghalani. Mtayarishaji wa programu ya bao huandika dai la ulinganifu: kila zamu inapokwisha, kete za ubaoni na za ghalani lazima zifike 64, zisipofika, programu isimame palepale. Dai hilo hunasa kete iliyopotea au iliyohesabiwa mara mbili. Hata hivyo, programu inayosambaza kete kushoto badala ya kulia itabaki na 64 zilezile. Mzee wa barazani angepiga kelele, dai litanyamaza. Palipohitajika kulinganishwa shimo kwa shimo, imelinganishwa jumla.

Liko kosa baya zaidi, nalo linahusu lugha moja kwa moja. Kauli "ubao huu ni sawa na ule" haisemi kama mbao mbili zina kete zilizopangwa vilevile, au kama ni ubao mmoja uliopewa majina mawili. Lugha ya Python hutenga maswali hayo: alama mbili za usawa huuliza thamani, na neno jingine huuliza utambulisho. Mtayarishaji anayetaka kuhakikisha kwamba zamu batili haikubadilisha chochote huhifadhi "ubao wa awali". Iwapo ameupa jina jipya tu bila kuunakili, analinganisha ubao na wenyewe, na dai litapita daima, hata kete zikivurugwa zote.

Mpangilio wa sentensi nao huleta utata. Msemaji wa Kiswahili husema "jumla ni sawa na 64", akitanguliza kilichopatikana. JUnit, zana ya majaribio ya Java, hutaka thamani inayotarajiwa itangulie. Ukizigeuza, kosa litanaswa, lakini ujumbe utadai kwamba 63 ndiyo iliyotarajiwa, na msomaji atatafuta kosa pasipo kosa.

Kuhusu istilahi yenyewe, "thibitisho" halifai, kwa kuwa huashiria jambo lililokwisha kuhakikishwa. "Dai" lina nguvu zaidi: mwenye kudai hana hakika ya kulipwa, na asipolipwa shughuli husimama. Si ajabu, basi, kwamba neno "uhakiki" hutumika kwa kazi ya fasihi na kwa kazi ya kukagua hesabu vilevile. Zote mbili huuliza kama kilichosemwa kimo kweli katika matini.

Kwa upande wa usawa, mwanafunzi wa Kizuka anayo tayari -ngana ya Kirundi, inayohusu kiasi na ukubwa, na Kiswahili kina "lingana". Pendekezo lenye mashiko ni kutumia "lingana" kwa thamani na "ni uleule" kwa utambulisho, na kuliachia soko neno "sawa". Pendekezo hilo lina udhaifu mmoja usiopaswa kufichwa: "kulingana na" humaanisha pia "kwa mujibu wa", hivyo "jumla kulingana na ubao" inaweza kusomwa kama maelezo ya chanzo cha hesabu. Umbo lenye nafsi, "jumla inalingana na 64", huuepuka utata huo, ingawa ni refu kidogo kwa mwandishi wa msimbo.