Sifa za Mchagua Jani

Katika shamba moja la muhogo kando ya barabara itokayo Tororo kuelekea Malaba, nilimtazama mkaguzi wa mimea, mtu wa makamo, akiifanya kazi yake kwa utulivu ambao siku hizi watu huudhania kuwa ni uvivu. Hakuanza kwa kufungua mkoba. Alitembea kwanza safu hadi safu, jua likiwa mgongoni mwake ili rangi za majani zisimhadae, kisha akamwendea mwenye shamba, wakaamkiana kwa kirefu, ndipo akauliza: "Mama, vijiti hivi ulivipata wapi?" Akajibiwa kwamba vilitoka kwa shemeji, ng'ambo ya Busia, na hapo, kabla hajagusa chochote, nusu ya upimaji ilikuwa imekwisha.

Wasiojua hudhani kwamba jani ni jani. Ugonjwa wa batobato hujidhihirisha juu, katika majani machanga yaliyojikunja na kupauka, hata mpita njia huuona. Bali ugonjwa wa michirizi ya kahawia hujificha chini, katika majani yaliyokomaa, umanjano ukiandama mishipa, na iwapo mtu atanyoosha mkono juu kwa mazoea, atachuma jani lisilo na ila kutoka kwa mti ambao mizizi yake imekwisha kuharibika ndani, ilhali ganda lake ni zima. Mkaguzi yule aliinama. Aligeuza jani kuwatafuta inzi weupe, waenezao maradhi yote mawili. Akalikagua tena penye mwanga, asije akavisingizia virusi madhara ya utitiri wa kijani, ambao nao huyakunja majani machanga. Kisha, kwa idhini ya mwenyewe, akang'oa mzizi mmoja na kuukata kipande baada ya kipande, mpaka lilipojitokeza doa la kahawia, gumu, katikati ya nyama nyeupe. Yule mama alikipokea kipande, akakigeuzageuza mkononi, asiseme neno.

Katika mahindi mkaguzi ana msaidizi, nao ni ukanda mwembamba ambao ncha yake ikichovywa katika maji ya dawa yaliyopondewa jani, hutoa mstari mmoja kushuhudia kwamba kipimo ni kizima, na wa pili iwapo kirusi kinachotafutwa kimo. Ni mambo ya dakika chache, nami siudharau kamwe, maana nayakumbuka maradhi ya mahindi yaliyotambuliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011, yatokanayo na virusi viwili vinavyoshirikiana, jinsi yalivyovuka hadi mashariki ya Uganda bila kukawia, ilhali jani la kupimwa lilikuwa na safari ndefu ya kwenda maabara. Lakini ukanda hauna macho. Ukipewa jani la mmea uliokosa mbolea tu, utajibu kwa uaminifu swali ambalo halikustahili kuulizwa. Na ukanda wa kirusi kimoja hunyamaza mbele ya kingine.

Ustadi huu wa kuchagua jani una nasaba. Mtaalamu Warburg aliieleza batobato kutoka Usambara mwaka 1894, na mtaalamu Storey, akiwa Amani, akaieleza michirizi ya kahawia mwaka 1936. Sidhani kama wawili hao wangefika mbali lau hapangekuwapo wakulima wa kuwaonyesha ni mti upi uliobadilika tangu masika.

Leo haraka imekuwa sultani. Pale Busia, ambapo kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, malori hayapendi kungoja, na kijana aliyesomea mimea aghalabu hukabidhiwa karatasi za kugonga muhuri badala ya shamba la kutembea. Simu hupiga picha ya jani la kwanza lililo karibu na kidole. Vipimo huachwa garini penye joto, kisha hulaumiwa vinapokosa kusema kweli. Na wakati hayo yakitendeka langoni, vijiti vya muhogo hufungwa mafungu na kupita kwa bodaboda njia za panya, vikiwa havina hata jani moja la kuchumwa wala la kupigwa picha, ugonjwa wao ukiwa umo ndani ya mti. Na wa kuvitambua ni yule tu aliyekwisha kutembea katika shamba vilikokatwa, naye, kwa utaratibu tulio nao, hatumwi tena huko.