Mkono wa Mkufunzi Nyuma ya Leseni ya Fundi Ndege

Dash 8 Q400 ya Air Tanzania ikishafanyiwa matengenezo hairudi angani, iwe inakwenda Dodoma au kwingineko, mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi. Haki ya kutia sahihi hiyo huchukua miaka kuipata.

Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago kinamtaka anayeomba leseni ya kuhudumia ndege nzima awe na uzoefu wa miaka 4. Akiwa amehitimu kozi iliyoidhinishwa, miaka 2 inatosha. Maana yake, mafunzo ya chuo yanabeba uzito wa miaka 2 ya kushika spana, na mzigo huo unamwangukia mkufunzi. Kijana wa Kongwa au Manyoni anayeitaka kazi hii anaweza kufika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo, Dar es Salaam, ambacho mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia umekiwezesha kuwa kituo cha umahiri wa usafiri wa anga. Majengo na mitambo hununuliwa. Mkufunzi aliyeiva ni shida zaidi kumpata, kwa kuwa mashirika ya ndege nayo yanamtaka.

Tofauti yake huonekana kwenye kitu kidogo kama waya wa kufungia boliti zisilegee. Waya husokotwa nyuzi mbili, takriban mizunguko 6 hadi 8 kwa inchi, na lazima uvute boliti upande wa kukaza. Mwanafunzi anaweza kulijibu hilo vizuri kwenye mtihani, kisha mezani akaufunga kinyume, kwa msokoto unaopendeza kabisa. Mkufunzi aliyetoka hangani haangalii msokoto kwanza. Anaifuata njia ya waya kwa kidole, kichwa cha boliti hadi kingine, na kuuliza: "Hii ikianza kulegea, waya utaizuia au utaiachia?" Kisha anaukata, kazi inaanza upya.

Hata hivyo, wingi wa miaka peke yake hautoshi. Juni 10, 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Málaga iling'oka kioo cha mbele ikiwa kwenye futi 17,000 na ushei. Rubani Tim Lancaster alivutwa nje nusu ya mwili. Wenzake wakamng'ang'ania mpaka ndege ikatua Southampton, naye akapona. Uchunguzi ulikuta boliti 84 kati ya 90 ni nyembamba kuliko zinazotakiwa. Aliyezifunga alikuwa msimamizi mzoefu, ila alizilinganisha na za zamani kwa macho, hakwenda na namba ya kipuri iliyo kwenye orodha.

Kwa hiyo, anayeajiri mkufunzi asiishie kuhesabu miaka kwenye wasifu wake. Amtazame mezani kama anafungua kitabu cha matengenezo hata kwa kazi aliyoifanya mara mia, maana wanafunzi wataiga hilo kabla ya lolote lingine. NIT na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) nao wawape wakufunzi muda wa kurudi hangani kila mwaka, kwenye ndege zinazoruka leo hii. Na pale Msalato, Dodoma, ambako jiwe la msingi la uwanja mpya wa ndege liliwekwa Oktoba 2022, wapangaji watenge mapema eneo la hanga ambamo wanafunzi watafanya kazi chini ya mafundi wenye leseni.