Kuuguza Mparachichi Mvua Zinapoanza

Mparachichi unaougua huonyesha dalili juu, ilhali ugonjwa mara nyingi uko chini. Majani mapya hutoka madogo na yaliyopauka, ya zamani huning'inia hata asubuhi yenye umande, kisha vijiti vya kileleni hukauka kimoja baada ya kingine. Kuna mwaka mti wa namna hiyo huchanua kupita kiasi na kubeba matunda mengi, madogo. Mwenye shamba hufurahi, lakini mkulima mzoefu huingiwa na wasiwasi, kwa maana mti wenye mizizi iliyooza mara nyingi huzaa hivyo kabla ya kufa.

Katika nchi za kaskazini mtunza bustani husubiri baridi iondoke ndipo ahudumie miti yake. Huku Subukia, ambako barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu hukata Ikweta, mchana na usiku karibu hulingana mwaka mzima, na kinachouamsha mti ni maji. Mvua ndefu zinapokaribia, kati ya Machi na Aprili, ndio wakati wa kuuguza. Wakati huo una fumbo lake: maji yale yale yanayoleta machipukizi ndiyo yanayoua mizizi.

Bonde hili la Subukia limekaa chini ya ukingo wa Marmanet, uliotokana na ufa wa ardhi uliotikisika tarehe 6 Januari 1928, katika tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopimwa nchini Kenya. Ardhi hushuka kwa ngazi, na maji ya mlimani hukimbilia sehemu tambarare zenye udongo mzito. Mparachichi haukuumbiwa hali hiyo. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na mizizi yake inayonyonya hukaa karibu na uso wa ardhi, ikipenda udongo mwepesi uliofunikwa na majani makavu. Maji yakituama, hewa huisha udongoni, na Phytophthora cinnamomi hupata nafasi. Kiumbe hiki, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kutokana na midalasini ya Sumatra, hufanana na kuvu lakini ni jamaa wa mwani. Mbegu zake huogelea ndani ya maji ya udongo mpaka kwenye ncha za mizizi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya vidole, si ya panga. Chini ya matawi ya pembeni, udongo hufukuliwa taratibu kwa kina cha kiganja. Mizizi mizima ni myeupe na hukunjika. Iliyooza ni myeusi na hukatika ikiguswa. Iliyochanika ncha imekatwa na jembe wakati wa kupalilia mahindi, na hiyo haihitaji dawa, inahitaji jembe likae mbali. Kisha hukaguliwa pale shina linapokutana na ardhi. Udongo ukiwa umerundikana hapo, gome hukosa hewa na kuanza kuoza, na kuuondoa tu ni nusu ya tiba. Kupiga magoti na kuchunguza hivi kabla ya kuamua lolote ndiko kunakomtofautisha fundi na mtu mwenye haraka, na ni kazi ambayo haipewi sifa inayostahili, kwa kuwa akimaliza mti hauonekani umebadilika.

Maji yakishajulikana ndiyo adui, huchimbwa mtaro upande wa juu, nje kabisa ya kivuli cha mti, ili mafuriko ya mteremko yapitie kando. Halafu ardhi hufunikwa. Mabua ya mahindi, maganda ya kahawa na majani ya mgrevilea, yote yanapatikana Subukia, hutandazwa kwa unene wa sentimita 10 hadi 15, yakiachwa mbali na shina kwa shubiri moja au zaidi. Tandazo hilo halipunguzi joto la udongo tu. Vijidudu vinavyoozesha mabua hutoa vimeng'enya vya kuvunja selulosi, na kuta za Phytophthora zimejengwa kwa selulosi hiyo hiyo. Mizizi mipya hupanda yenyewe hadi ndani ya mboji, na kuiona hapo, myeupe na mingi, ni malipo makubwa kwa aliyengoja.

Kupogoa kunaweza kusubiri. Tawi lisilo na majani hukwaruzwa kwa ukucha. Likiwa la kijani chini ya gome, bado liko hai. Yaliyokufa hukatwa nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye shina la tawi. Mtafiti Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kuisoma ndani, alionyesha kwamba mti hauponyi jeraha bali huujengea uozo ukuta, na uvimbe huo ni sehemu ya ukuta wenyewe. Kupaka rangi kidonda hakusaidii. Gome lililobaki wazi juani, hata hivyo, hupakwa chokaa nyepesi lisiungue. Machipukizi yaliyo chini ya kiungo cha kupandikizia huondolewa, kwa sababu hayo ni ya mti wa kienyeji, si wa aina zilizopandikizwa kama Hass au Fuerte.

Mbolea nyingi ya dukani ni kosa la huruma: mizizi michache huunguzwa na chumvi zake. Ni heri kuchuma maua ya msimu huo, ili nguvu irudi kwenye majani. Dawa za fosfonati zinazodungwa shinani husaidia, ila haziwezi kuchukua nafasi ya mtaro.

Matokeo hupimwa baada ya mvua fupi za Oktoba na Novemba, kwa ukubwa na rangi ya majani mapya. Mti ukishindwa, hung'olewa pamoja na mizizi, na majembe huoshwa kabla ya kupelekwa kwenye mti mwingine, kwa kuwa ugonjwa husafiri na matope. Mparachichi mwingine ukipandwa karibu, huwekwa juu ya tuta lililoinuliwa, na kupandikizwa kwenye kishina chenye ustahimilivu kama Dusa ya Afrika Kusini pale kinapopatikana.