Jina la Chakula na Mwenye Kulitamka: Uhakiki wa "High on the Hog"

Wako wenzetu wanaodhani kwamba vipindi vya mapishi katika televisheni havistahili kuhakikiwa na wanafunzi wa lugha. Rai hiyo siikubali. Televisheni haina harufu wala ladha. Mtazamaji hupewa picha na maneno tu, na aghalabu neno ndilo hubeba kile kilichoishinda picha. Kwa hiyo nani anakitaja chakula, na kwa jina gani, ni suala la fani na maudhui kwa pamoja.

Mfululizo wa "High on the Hog", ulioonyeshwa na Netflix mwaka wa 2021, umetokana na kitabu cha Jessica B. Harris kilichotolewa mwaka wa 2011. Msimulizi ni Stephen Satterfield. Mfululizo wa pili ulifuata mwaka wa 2023, lakini hapa ninaujadili ule wa kwanza, wenye sehemu 4. Dai lake ni kwamba mapishi yaitwayo ya Kimarekani yana deni kubwa kwa Waafrika waliotiwa utumwani.

Sehemu ya kwanza inatupeleka Benin, katika soko la Dantokpa mjini Cotonou. Huko Harris anafafanua kwamba kile Wamarekani wengi wanachokiita "yam" si kiazi kikuu bali ni kiazi kitamu. Jina lilivuka bahari likakivaa kiazi kingine, kwa sababu waliolitamka walilazimika kula walichokipata. Mhadhara mzima wa semantiki umo katika maelezo hayo mafupi, na hakuna aliyechoshwa nao.

Habari ya bamia ingeweza kufika mbali zaidi. Neno "okra" hunasibishwa na Kiigbo. "Gumbo", jina la mchuzi mashuhuri wa Louisiana, hunasibishwa na lugha za Kibantu, na Kimbundu cha Angola kina neno "kingombo". Msomaji wa Kiswahili ataitambua ki- hiyo bila kufundishwa. (Sisi wenyewe, ajabu, tunasema bamia, neno la Kiarabu.) Lakini kamera haikufika Angola wala Kongo, walikotoka wengi wa waliopelekwa South Carolina katika karne ya 18. Tena mpunga ndio kiini cha sehemu ya pili, na ujuzi wa kuulima hunasibishwa na pwani ya kuanzia Senegal hadi Sierra Leone. Benin imebebeshwa mzigo wa bara zima, kisha katika sehemu 3 zinazofuata haionekani tena. Satterfield analia kule Ouidah, na machozi yake siyatilii shaka. Ila machozi hayawezi kujaza pengo la jiografia.

Sehemu ya tatu ndiyo niionayo bora. Inamhusu James Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson, aliyepelekwa Paris mwaka wa 1784 akajifunza upishi wa Kifaransa. Aliachwa huru mwaka wa 1796, kwa sharti kwamba kwanza amfundishe kazi hiyo ndugu yake Peter. Akafa mwaka wa 1801. Makaroni na jibini, chakula ambacho kwa muda mrefu sifa yake alipewa bwana, kinapikwa mbele yetu kwa moto wa kuni, na kazi ya mikono inajibu hoja ya vitabu. Hemings ameacha orodha ya vyombo vya jikoni iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mtu aliyenyang'anywa hata jina la chakula chake, orodha hiyo ni tawasifu.

Huku kwetu, mwaka huo huo wa 2021, UNESCO iliingiza katika rejista yake ya mifano bora ya uhifadhi kazi iliyofanywa Kenya juu ya vyakula vya asili. Kazi hiyo iliorodhesha mimea ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji. Mgagani ni "chinsaga" kwa Wagusii na "dek" kwa Wajaluo, na kila jina lina wapishi wake na namna yake ya kupunguza uchungu wa mboga hiyo. Ningependa kumwona mtengenezaji wa filamu akiichukua orodha hiyo hadi sokoni, akamwacha muuza mboga aanze kusema, na profesa afuate.