Pongezi kwa Mgambo wa Vita vya Kagera

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na siku chache baadaye kulilipua daraja la Kyaka, jeshi la Tanzania lilikuwa dogo. Mgambo ndio walioliongezea nguvu haraka: vijana wa vijijini waliojifunza kwata na shabaha huku wakiendelea kulima. Waliacha majembe na ng'ombe, wakaungana na JWTZ, JKT, polisi na magereza.

Naisifu kwanza miguu yao. Kutoka Mutukula hadi Masaka, kisha Lukaya, hadi Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, askari wengi walitembea, silaha na risasi mabegani. Kijana ambaye safari yake ndefu ilikuwa ya kwenda mnadani alijikuta akilala handakini katika nchi ya watu, akimlinda mwenzake ambaye hata kilugha chake hakukijua.

Wengine hawakurudi. Mamia ya mashujaa wa vita vile wamelala Kaboya, wilayani Muleba, mbali na makaburi ya koo zao. Majenerali tunawataja, na wanastahili. Lakini mgambo aliyekufa kabla hajaoa, hana hata mtoto wa kurithi jina lake, atatajwa na nani? Waliopigana bega kwa bega naye, sasa wazee, bado wako vijijini mwetu. Shule za kata ziwaalike wawasimulie watoto alitoka kitongoji gani, alikuwa mtu wa namna gani, na aliangukia wapi.